Vijiji Viwili Vilivyomfundisha Binti Yangu Kutembea

Binti yangu wa pili alizaliwa na nyonga iliyoteguka, na sisi hatukujua mpaka alipoanza kusimama. Akitembea aliyumba, mguu wa kushoto ukiwa mfupi kidogo kuliko wa kulia, na watoto wa jirani walimwiga kwa nyuma. Wakati ule tulikaa kijijini, nje kidogo ya Ibra. Mimi ni mzaliwa wa Unguja mjini. Nilikuja Omani na wazee wangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikaolewa na kijana wa kijiji kile ambaye Unguja aliisikia kwa masikio tu. Alifanya kazi wizarani Maskati na kurudi kila mwisho wa wiki. Siku nyingine zote tulikuwa mimi, watoto, na mama yake, katika nyumba ya udongo yenye boriti za mtende.

Mamkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Kiswahili alijua "njoo" na "haya" tu, na hayo aliyapata kwangu. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, hata nilipofungua mdomo kuomba chumvi wanawake walijificha ndani ya shela wakacheka, kwa sababu nilisema kama khatibu wa Ijumaa. Kicheko chao hakikuwa na ubaya. Waliniita Mzinjibari, wakanipa chumvi. Lakini nilikuwa mgeni, na mgeni hujifunza njia anazozihitaji basi: ya kwenda dukani, ya kwenda skuli ya watoto, ya kwenda kwa jirani mwenye cherehani. Nilikaa hivyo miaka mingi.

Binti yangu alipofika darasa la pili, dakta mmoja wa spitali alimtazama anavyopanda ngazi akaniita pembeni. Alisema nyonga ile inaweza kutengenezwa, ila kwa wakati ule si hapa. Karatasi zikaenda Maskati, zikarudi, zikaenda tena, na mwisho serikali ikakubali kutupeleka Ujerumani kwa gharama yake. Mpaka leo nikikumbuka siku ile namshukuru Mungu, kisha nawashukuru watu nisiowajua waliokaa ofisini wakaisoma habari ya mtoto wa kijijini na kusema apelekwe.

Mume wangu na mama yake walibaki na watoto wengine. Nikasafiri mimi na binti, tukiwa na sanduku moja na kikapu cha tende alichokishona mamkwe kwa mkono wake.

Operesheni ilikwenda vizuri. Baadaye alifungwa plasta kutoka kiunoni mpaka mguuni, akalala nayo wiki nyingi. Ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama wa ndege. Dakta wa huko alisema mtoto hahitaji tena kulala spitali, anahitaji kutembea kila siku, kidogo kidogo, na kurudi kuangaliwa. Nikawa sijui pa kukaa. Hoteli ilikuwa ya mjini, chumba ghorofani, na barabara imejaa magari. Nesi mmoja aliyemuuguza binti yangu, mwanamke wa makamo aliyejua Kiingereza, aliniona nimekaa kwenye benchi la ukumbini na sanduku langu. Aliuliza, nikamweleza. Akasema, "Mama yangu yuko peke yake kijijini. Nyumba ni kubwa, na njia ni tambarare. Njooni."

Nikauliza mama yake atasemaje.

"Atanung'unika," alisema nesi. "Hunung'unika kwa kila kitu. Kisha atawapikia."

Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo, nyumba chache zilizokaribiana bondeni, kanisa lenye mnara wa paa jeusi, mashamba ya ngano, na msitu juu yake. Bibi mwenye nyumba alitupokea mlangoni na aproni yake. Binti yangu, kwa adabu tuliyomfunza, alisimama kwenye magongo yake akasema, "Shikamoo." Bibi akamgeukia nesi kuuliza. Nesi akaniuliza mimi. Nikamwambia ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, na jibu lake ni marahaba. Bibi akaijaribu ile "marahaba" mara kadhaa mpaka ikakaa mdomoni, na tangu asubuhi ya pili, kabla mtoto hajafungua kinywa, yeye alikuwa keshaijibu.

Alinung'unika kweli. Alinung'unika juu ya viatu vyetu, kwamba ni vyepesi. Alinung'unika kwamba mtoto hali. Lakini nesi alipomweleza kuwa hatuli nguruwe, alikwenda jikoni bila neno, akakusanya vya nguruwe alivyokuwa navyo akavipeleka kwa jirani, na akasugua kikaango kwa majivu. Tulikula mayai, viazi, samaki, na mikate myeusi mizito. Jioni ya kwanza niliuliza jua linachomoza wapi, maana mawingu yalikuwa yametanda tangu tulipofika. Bibi alielewa haraka kuliko nilivyotaraji. Alinipeleka dirishani akanionyesha kanisa. Nesi akafasiri: makanisa ya zamani yamejengwa yakitazama mashariki. Basi nilisimama nikafuata mgongo wa paa lile, nikapinda kidogo kulia kuelekea kusini, na hiyo ndiyo ikawa kibla yangu muda wote nilioishi pale. Bibi akaniondolea meza njiani.

Nyumba ilikuwa ya magogo meusi yaliyopishanishwa, na kati ya magogo kuta nyeupe. Ukuta mmoja wa nyuma ulikuwa umebanduka kwa mvua, na fundi alikuwa akiutengeneza. Nikasogea kutazama. Chini ya chokaa kulikuwa na udongo uliochanganywa na majani makavu ya ngano. Nikaushika. Ulikuwa ni udongo wetu. Hivi hivi ndivyo shemeji zangu walivyoukanyaga kwa miguu kila baada ya mvua kubwa, udongo na makapi, kuziba nyufa za nyumba yetu kule Ibra. Nilimwambia nesi, naye akamwambia mama yake. Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kuwa na jambo la maana la kusema.

Mazoezi yakaanza. Bibi ndiye aliyeyapangia mpango. Alisema mtoto hawezi kutembea kwenda popote tu, lazima awe na pa kufika. Pa kwanza palikuwa hodhi.

Lilikuwa hodhi refu la jiwe, limechimbwa katika jiwe moja, katikati ya kijiji, na maji ya chemchemi yakiingia mchana na usiku kwa mfereji wa chuma. Binti yangu alifika akiwa anatokwa na jasho, akakaa ukingoni, akatia mkono majini. Nesi alikuwa na mapumziko siku ile, akatufasiria.

"Zamani mfereji ulikuwa wa mti," bibi alisema. "Ng'ombe walinywa upande huu, wanawake walifua upande ule. Mimi nilipokuja, nilikuwa nafua mwisho, wote wakishamaliza."

Nikauliza alikuja kutoka wapi, kwani nilidhani amezaliwa hapo.

"Mashariki, mbali. Baada ya vita tulifukuzwa. Mimi na mama yangu tulikuja na mkokoteni. Mkuu wa kijiji alitugawa kwenye nyumba kama anavyogawa kuni, huyu chukua wawili, yule chukua watatu. Sisi tulitiwa kwenye nyumba hii tunayokaa. Chumba cha juu ya zizi."

"Wenyewe walikupokeeni?"

"Walinung'unika," alisema, na nesi akacheka kabla ya kufasiri. "Miaka walituita wale wa kule. Nikisema, walirudia maneno yangu kwa sauti yangu. Kisha mtoto wao wa kiume akanioa, na mama yake hakusema nami mpaka nilipozaa."

Nilimtazama mwanamke yule aliyeinama kuosha kiatu cha mwanangu, mwanamke ambaye kwa macho yangu alikuwa Mjerumani kuliko Wajerumani wote, naye alifika pale amebeba virago kama mimi nilivyofika Ibra.

Hodhi likawa rahisi. Bibi akasogeza mwisho wa safari mpaka kwenye nyumba ya tanuri. Hii ilikuwa nyumba ndogo ya mawe, peke yake, ndani yake tanuri moja kubwa la kijiji kizima. Alisema enzi za babu wa babu zao kila nyumba ilikuwa na tanuri lake, na siku moja ya upepo cheche zilishika mapaa ya nyasi, nusu ya kijiji ikaungua. Waliobaki walikubaliana kuoka mahali pamoja, mbali na mapaa. Mpaka wakati ule, ingawa kila mtu alikuwa na jiko la umeme, Jumamosi walikuwa bado wakiliwasha.

Nikaomba kuoka. Nilitengeneza mkate wa mayai wa kwetu, mayai nikiyapiga kwa mkono mpaka bega likauma, na hiliki niliyokuja nayo mfukoni kwa ajili ya kahawa. Ulipotoka tanurini, harufu ya hiliki ilijaa nyumba ile ndogo, na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu wakasogea. Walikula wakaulizana. Mmoja wao, mama mnene mwenye miwani, akaanza kuniuliza mimi kupitia kwa nesi.

"Na kijijini kwenu kuna nini?"

"Kuna mitende," nikasema. "Na maji yanapita katikati ya nyumba, kwenye mfereji. Tunauita falaji."

"Maji yanatoka wapi?"

"Mlimani."

"Nani aliyeyaleta?"

Sikujua. Akauliza kijiji kina umri gani, sikujua. Akauliza kama kuna ngome, nikasema upo mnara kilimani, akauliza ulijengwa kwa sababu gani, nami nikawa nimesimama na sinia mkononi kama mtoto aliyesahau surati yake.

Bibi alinyanyua kipande kingine cha mkate. "Mwacheni," alisema. "Mimi historia ya tanuri hili nimeijua baada ya miaka kumi. Aliyenieleza ni mama wa mume wangu, na nilimuuliza mimi. Yeye peke yake asingesema." Kisha akanigeukia. "Mama wa mumeo yuko hai?"

"Yuko."

"Basi."

Mwisho wa majira ya joto tulifika kanisani. Binti yangu alikuwa sasa anatumia gongo moja. Hatukuingia ndani kwa ibada; bibi alitukalisha ukutani nje, kwenye jua, mbele ya jiwe lenye majina ya vijana wa kijiji waliokufa vitani. Kwa kijiji kidogo vile, majina yalikuwa mengi mno. Alituonyesha mawili, ndugu wa mumewe. Juu mnarani kulikuwa na kengele moja. Zilikuwa mbili, alisema kupitia kwa nesi, kubwa ilichukuliwa wakati wa vita ikayeyushwa kufanywa silaha, na watu walisimama njiani wakilia wakati gari linaiondoa. Ndogo iliachwa. Siku yeye na mama yake walipofika na mkokoteni, hiyo ndogo ilikuwa ikilia saa sita ya mchana, na mama yake akasema, hapa angalau tutajua saa.

Binti yangu, ambaye kwa wakati ule alikuwa akisema Kijerumani cha jikoni kuliko mimi, akamwambia neno. Bibi akajipangusa macho kwa aproni.

Nilimuuliza mtoto amesema nini. "Nimemwambia mguu wangu hauumi tena," alisema.

Tulipoondoka, bibi alikuwa amefunga mkate mzito kwenye kitambaa, tuule kwenye ndege. Nilimbusu mkono wake kwa desturi yetu. Akanung'unika, kisha akaniachia niubusu na wa pili.

Nyumbani Ibra walitupokea kwa halwa na kahawa, nyumba ikajaa wanawake. Mamkwe hakusema mengi. Alimwambia mjukuu wake atembee kutoka mlangoni mpaka kisimani na kurudi, akamtazama miguu tu, uso hakuuangalia. Kisha akaingia ndani, na nilimsikia akiswali rakaa za shukrani.

Jioni wageni walipoondoka aliuliza, "Huko alikuwa akitembea wapi?"

Binti yangu akamweleza mwenyewe kwa Kiarabu chake kizuri: hodhi na ng'ombe, nyumba ya tanuri na moto, kanisa na kengele iliyochukuliwa. Mamkwe alisikiliza mpaka mwisho huku akishona kikapu.

Nikajikaza. Nikasema, "Mama, huko waliniuliza falaji letu lilichimbwa na nani. Nilishindwa kujibu."

Aliweka sindano chini. "Miaka yote hii nilidhani hutaki kujua. Nilisema, huyu ametoka mji wa bahari, nyumba za mawe na taa, atataka nini na mawe yetu."

"Nilidhani hamtaki kuniambia."

Akatikisa kichwa, akaendelea kushona. Lakini alfajiri, baada ya sala, alikuwa amevaa viatu na kushika fimbo yake, anatusubiri mlangoni.

Alitupeleka kwanza pale falaji linapotoka chini ya ardhi na kuingia kijijini. Hapo, alisema, ni pa kuteka maji ya kunywa tu. Chini kidogo pa kuoga wanaume, chini yake pa wanawake, kisha pa kufulia, na mwisho maji huenda shambani, kila mwenye mitende kwa zamu yake, ikipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa, usiku kwa nyota. "Watu husema lilichimbwa na majini ya Nabii Suleiman," alisema. "Mimi nilimuona mume wangu akiingia humo chini kulisafisha na kutoka magoti yakivuja damu. Basi nawaombea dua majini, na watu pia."

Siku chache baadaye, mguu ulipozoea changarawe, tulifika kwenye jumba moja bovu ambalo nilipita mbele yake kila nilipokwenda skuli. Paa lilikuwa limeanguka, lakini mlango ulisimama, mkubwa, wa mbao nyeusi, umechongwa maua na minyororo pembeni.

"Huu umetoka kwenu," alisema mamkwe.

Sikumwelewa.

"Mwenye nyumba alikuwa na mashamba ya karafuu huko. Mlango ulikuja kwa jahazi mpaka Sur, na kutoka Sur ukaja kwa ngamia. Kila ubao na ngamia wake."

Nilisogea nikaupangusa vumbi kwa ncha ya mtandio. Maua yalikuwa yale yale ya milango ya mtaani kwetu, niliyokuwa nikiyafuata kwa kidole nikienda chuoni. Miaka kumi na zaidi nilikuwa nikipita hapo na mkoba wa watoto, nikiwaza Unguja, na Unguja imesimama mbele yangu. Nikalia, na sikuona haya. Binti yangu akanishika mkono.

Mamkwe aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Ngamia walikuwa wa baba yangu."

"Baba yako wa hapa?"

"Nani amekwambia mimi ni wa hapa? Mimi ni wa badia, wa jangwani upande wa Sinau. Baba alikuwa akibebea watu mizigo. Alipoleta mlango huu alikaa siku kadhaa, akafanya urafiki na baba wa mume wangu, na baadaye nikaletwa mimi. Nikisema, wanawake wa hapa walicheka. Walinicheka zaidi kuliko wewe. Wewe angalau ulisema kama khatibu."

Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

Mnara tuliuacha mwisho kwa sababu ya mlima wake. Tulipanda taratibu, binti yangu mbele bila gongo, akishika mawe. Ndani palikuwa na giza na baridi, na matundu membamba ya kutazamia bonde. Mamkwe alikaa kwenye kizingiti kupumua. Alisema zamani, kabila likikosana na kabila, mlinzi akiona vumbi la wapanda farasi hupiga bunduki moja hewani, na wanawake hupanda na watoto, tende na viriba vya maji, wanaume hubaki chini.

"Ulipata kukimbilia humu?" nikauliza.

"Mara moja. Nilikuwa na mimba pevu. Wenzangu walinisukuma mgongoni mpaka juu. Kulipokucha wapanda farasi walikuwa wameondoka, hakuna aliyepigwa, na mimi nilikuwa nimeshazaa." Akaigonga sakafu kwa fimbo. "Pale, kwenye pembe. Ndiye mumeo."

"Hajaniambia hata siku moja."

"Hajui. Nani atamwambia mwanamume kazaliwa wapi? Na hakuuliza."

Mwisho wa wiki mume wangu alipofika kutoka Maskati, hata chai hajamaliza, binti yake alimweleza yote. Mume wangu alimtazama mama yake, na mama yake akaendelea kumenya kitunguu. Mume wangu akanyanyuka, akavaa viatu, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Kutoka uani niliwaona wakipanda kilima, yeye akimpunguzia mwendo, mtoto akimwonyesha pa kukanyaga.

Binti yangu ni mama sasa, na anatembea vizuri. Siku za baridi kali tu ndipo nyonga humkumbusha. Bibi wa Ujerumani ametangulia mbele ya haki, na mamkwe vilevile. Wote wawili nawaombea, kila mmoja kwa jina lake. Lakini jioni ile baba na mtoto walipopanda mnarani, mamkwe alinyanyua kichwa, akawaona wale wawili wamefika juu, akaniambia nitie kahawa nyingine motoni, maana watakaporudi watakuwa na maswali, na yeye ataanza kwa kumsimulia mwanawe habari za mlango.